Rangi ya Damu ya Jogoo

Zhudong, nyuma ya soko.
Mvua imekatika leo asubuhi.

Mdogo wangu Kui-moi,

Nina miaka themanini na miwili, na nimeishi kupita vitu vingi vilivyotaka kunizika. Nimeuona utawala wa kijeshi ukianza na nimeuona ukiisha. Lile tetemeko kubwa lilinipitia nikiwa chini ya meza, nikatoka na nyundo yangu mkononi na paa lote uani. Nimemaliza mivukuto mitatu, mbwa wanne, mke mmoja mwema, na yule daktari wa Beipu aliyeniambia kwamba nikiendelea kuvuta sigara sitafika sitini. Yeye mwenyewe hakufika. Nilikwenda mazishini kwake nikiwa na sigara mfukoni, ila kwa heshima sikuiwasha.

Baada ya kusema hayo, nakusalimu kwa mikono miwili. Goti lako la kushoto linakwendaje? Na figili za Meinong mwaka huu zimekuwa kubwa, au mvua imeziozesha kama mwaka ule? Wajukuu zako wasalimie mmoja mmoja, hata yule asiyenipokea simu. Sisi huku hatujambo. Yung-hsing mwanangu amenenepa, mkewe Su-chin anamlaumu kila siku kwa unene huo na kila siku ndiye anayempakulia.

Barua hii naiandika mwenyewe. Su-chin alitaka kunishikia kalamu nikamfukuza. Wewe unajua nilisoma madarasa mawili tu kabla baba hajaniita kwenye mivukuto, kwa hiyo ukikuta herufi imepinda, inyooshe kwa akili zako. Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unanikatiza, na jambo lenyewe halitaki mtu wa kukatiza.

Ni habari ya macho. Ulipouliza mara ya mwisho nilikwambia macho yangu ni ya mwewe, nikakata simu. Ulipopiga tena nikamtuma Su-chin akwambie niko chooni. Sikuwa chooni. Nilikuwa nimesimama pale pale nikisikiliza unavyonisema.

Tangu mwaka juzi nyumba hii ilikuwa na wimbo mmoja, macho ya mzee. Nikimimina chai nje ya kikombe, macho. Nikiusalimu mkokoteni wa jirani nikidhani ni jirani, macho. Wakasema ni mtoto wa jicho, tena pande zote mbili, niende hospitali Hsinchu wanitoe, ni kazi ya muda mfupi, nitarudi kula chakula cha mchana nyumbani. Nikawajibu kwamba mhunzi haoni kwa jicho, anaona kwa miaka. Baba alitufundisha, na wewe ulikuwepo, umekaa juu ya gunia la mkaa na pua nyeusi: feleji, chuma kigumu cha kisu, izamishwe majini ikiwa na rangi ya damu ya jogoo. Ikifika rangi ya chenza, umechelewa. Ikifika kiini cha yai, kachimbe kaburi la kisu. Nikawaambia siku nitakayoshindwa kuzisoma rangi hizo nitauzima moto kwa mkono wangu na kukaa mlangoni nifukuze nzi.

Neno hilo la kuuzima moto nililisema kwa kifua mbele, lakini ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Nikikubali kwamba macho yamekwisha, nimekubali kwamba na moto wa ukoo wetu wa kina Peng umekwisha. Yung-hsing hataushika. Anauza friji, Kui-moi. Mtoto wa mhunzi anauza baridi.

Sasa nije kwa Yun-chieh, binti yake, yule aliyekutapikia begani tulipokuja Meinong. Yuko chuo kikuu hapo Hsinchu, amekwisha pata shahada moja anatafuta ya pili, na anachosomea ni vyuma. Mwanzoni nilifurahi nikamchinjia kuku. Nikasema hatimaye mtu wa nyumba hii amerudi motoni. Kisha akanieleza ni chuma gani, nikatamani kumrudisha kuku uhai.

Alisema wanachukua madini sita, nikeli, kobalti, chuma, kromi, alumini na titani, wanayayeyusha pamoja, na hakuna moja linalopewa fungu kubwa kiasi cha kuyatawala mengine. Nikamuuliza, bwana mwenye nyumba ni nani? Akasema hakuna, Babu. Nikamwambia haiwezekani. Tangu dunia iumbwe chuma ndiye bwana, kaboni ni chumvi, hao wengine wageni, wale wakanawe waondoke. Hicho chako ni nyumba yenye wakwe sita kwenye meza moja, nani ataanza kula? Yeye akacheka mpaka akashika mbavu, akasema ni hivyo hivyo Babu, wakwe sita, mnene kwa mwembamba, wamebanana mezani hata hakuna anayeweza kuteleza kutoka kitini. Akanieleza kwamba chuma cha kawaida kikipata moto, safu zake za ndani huteleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana kinalegea na kupinda. Chao kimebanana. Tena ukikipika vizuri, ndani yake hutokea vijipande vya mraba vilivyojipanga kama tofu kwenye sinia, navyo huzishika zile safu zisiteleze, hata kwenye joto la injini ya ndege.

Akanionyesha picha waliyoipiga kwa hadubini. Niliitazama kwa muda mrefu, nikatikisa kichwa kama fundi, nikasema hiyo tofu aliyeikata hana mkono. Aliichukua picha polepole, akaigeuza, akanirudishia. Kumbe nilikuwa nimeishika kichwa chini miguu juu. Na hata baada ya kuigeuza nilichoona ni ukungu wa rangi ya chai.

Wiki iliyofuata akaja na dau. Alisema tuchukue vyuma viwili vya unene mmoja, changu na chake, tuvilaze kila kimoja juu ya matofali mawili ndani ya tanuri langu, katikati tutundike vizito vilivyo sawa. Tupige moto mpaka rangi ya damu ya jogoo, kisha tungoje kijiti cha ubani kiungue. Kitakachopinda zaidi kimeshindwa. Nikishindwa mimi, naenda hospitali bila ubishi. Akishindwa yeye, hakuna mtu wa nyumba hii kutaja macho yangu tena mpaka siku ya mazishi yangu, na siku hiyo pia wataje kwa sauti ya chini.

Nikamuuliza kwa ujanja, na hiyo rangi atahukumu nani, mashine yako? Akanitazama kwa unyenyekevu, akasema hapana, Babu mwenyewe, kwa jicho lako, nani Zhudong nzima anaijua rangi kukushinda? Akasema mwalimu wake atakuja na kipimajoto, lakini kitaelekezwa upande wa mwalimu tu, mimi sitakiona. Kui-moi, nilivimba kama chura wa masika. Nikamwambia akaandae mdomo wa kuniomba radhi.

Chuma changu nilikitengeneza kutoka kwenye springi ya treni ya zamani ya kubebea magogo, feleji niliyoificha chini ya kitanda tangu mama Yung-hsing yuko hai. Sijawahi kumpa mtu hata kipande. Nilikifua asubuhi tatu, na sauti yake kwenye fuawe ilikuwa kama kengele ya hekalu.

Jumapili ikafika. Profesa Tseng, mwalimu wa Yun-chieh, ni mtu mwembamba mwenye adabu, alikuja na kasha la matunda makavu ya Xinpu akanipa kwa mikono miwili. Mama Fan, yule wa tambi za mchele pale kona ya soko, aliacha sufuria yake jikoni akaja na aproni, maana hakuna ugomvi Zhudong unaoanza bila yeye. Yung-hsing alishika swichi ya feni ya kupulizia moto. Mimi nikawasha ubani kwa mungu wa wahunzi. Yun-chieh naye akatoa pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi akaiweka juu ya feni, kama wanavyoweka juu ya mashine zote huko maabara ili zisilete ukaidi. Nikamwambia mungu wangu ana umri mkubwa kuliko vitafunio vyako. Profesa akasogea, akaigeuza ile pakiti akasoma tarehe yake, akasema kwa uso mkavu kwamba ni sawa, haijapitwa na muda, maana iliyopitwa ni mbaya kuliko kutoiweka kabisa. Hapo nikaanza kumheshimu.

Tukawasha. Nikasimama mbele ya mdomo wa tanuri, mikono nyuma, kama baba. Chuma kikaanza kupata wekundu. Nikasema bado. Yung-hsing akaongeza upepo. Nikasema bado. Akakohoa akasema, "Baba, mimi naona..." nikamwambia wewe uza friji. Mama Fan alirudi nyuma aproni ikiwa usoni, akapiga kelele kwamba mzee Peng, tunangoja damu ya jogoo au tunangoja jogoo mwenyewe awe majivu? Nikamwambia anyamaze, hii si tambi. Nilikuwa nauona wekundu ukipanda taratibu, wekundu mzito, mzuri, bado una giza ndani yake, kama nilivyouona miaka yote. Bado, nikasema. Bado. Na ulipofika pale pale ninapopapenda nikanyoosha kidole nikapaza sauti: "Sasa! Damu ya jogoo!"

Nikasikia kitu kikigusa majivu. Tap. Kilikuwa kizito cha upande wangu. Feleji yangu ya treni ilikuwa imelegea katikati kama tambi iliyoning'inia kwenye vijiti, mpaka kizito kimekaa chini. Cha Yun-chieh kilikuwa kimelala juu ya matofali yake kama mtu aliyelala mchana, kimenyooka.

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningejua la kufanya. Nikasema matofali yangu yako mbali zaidi. Wakayapima, yalikuwa sawa. Nikasema vizito vimebadilishwa. Wakavibadilisha mbele yangu, sawa. Nikasema upepo umependelea upande mmoja. Profesa hakunibishia, alikigeuza tu kipimajoto kunielekea, nami nikajifanya nakisoma. Yun-chieh akaja akasimama karibu nami, akanisomea kwa sauti ya chini ili watu wasisikie. Joto lilikuwa limepita nyuzi elfu moja. Damu ya jogoo ilipita zamani, akasema, na chenza ikapita, hiki ni kiini cha yai, Babu, sote tulikuwa tumefunika nyuso.

Nikasema kipimajoto chenu ni mjinga.

Hapo Mama Fan akapasuka. Alisema ee mzee wewe, mimi nimevumilia nimechoka. Ule upanga wa kukatia mifupa ulioniuzia mwaka jana uling'oka jino siku ya kwanza, kwenye mfupa wa nguruwe wa kawaida, wala si mfupa wa tembo. Nikikuona unakuja kula tambi, upanga nautoa chini ya meza nauweka mbele uufurahie, ukiondoka naurudisha, nachukua kisu cha kiwandani. Mwaka mzima nafanya maigizo! Akasema na si yeye peke yake, soko lote lina maigizo. Nikamgeukia Yung-hsing anitetee. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Yun-chieh akaleta kitambaa, akakikunjua. Vilikuwa vipande vya visu viwili vilivyovunjwa. Akaniambia Babu usitazame, papasa pale vilipovunjikia. Nikapitisha kidole gumba kwenye cha kwanza. Laini, kama ndani ya kigae cha kaure. Nikasema hiki ni changu, hakuna mwingine anayetoa kitu hivi. Akasema ndiyo, ulikitengeneza mwaka niliozaliwa mimi. Nikapapasa cha pili. Kilikuwa kikiparuza kama sukari ya mawe. Nikauliza takataka hii ya nani.

"Yako, Babu," akasema. "Ya mwaka jana."

Kui-moi, mtu unaweza kubishana na profesa, unaweza kubishana na mashine, lakini ukibishana na kidole chako mwenyewe umepotea. Nilikaa juu ya fuawe. Sijawahi kukaa juu ya fuawe maisha yangu yote, baba angenipiga.

Yun-chieh akanieleza akiwa amechuchumaa mbele yangu. Alikichukua kisu hicho cha mwaka jana kwenda maabara kujifunzia hadubini, kwa kujivunia kwamba ni cha babu yake. Akakuta chembe za ndani zimevimba. Feleji ikipata moto kupita kiasi, chembe zake ndogo humezana na kuwa kubwa, na ufa ukipata njia kati ya chembe kubwa haukutani na kizuizi, unakimbia tu. Akasema alilia pale pale kwenye hadubini, kwa sababu alielewa kwamba mkono wangu haujakosea. Jicho langu lilikuwa limegeuka la rangi ya chai, linanipakia giza juu ya kila moto, na mimi nauongeza moto mpaka giza liishe. Ndipo akapanga dau lile. Alijua nitapitiliza. Alijua nisipoona kwa moto wangu mwenyewe sitasadiki kwa maneno ya mtu. Hiyo si akili ya chuo kikuu, hiyo ni akili ya kina Peng, tena imetoka kwangu moja kwa moja bila kupita kwa Yung-hsing.

Profesa Tseng aliniambia kwa adabu kwamba hata kwenye damu ya jogoo halisi changu kingepinda kwanza, ila kwa kuchelewa. Hilo bado sijalikubali. Lakini nimekubali kwamba wakwe sita wanaweza kukaa meza moja.

Basi, mdogo wangu, nimekwenda. Jicho la kulia limekwisha tolewa mtoto wake, na barua hii naiandika kwa jicho hilo. Daktari alikuwa binti mdogo kama Yun-chieh, na alisema mtoto wa jicho mgumu kama wangu hajamkuta mwaka huu wote. Nikamwambia kila kitu cha nyumba yetu ni kigumu. Kabla hajaanza nilimuuliza kisu chake kimenolewa na nani. Akasema hakinolewi, kinatumika mara moja kinatupwa. Kinatupwa! Nilitaka kushuka kitandani.

Na sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Yun-chieh hajui. Nimesema sana habari ya moto wa kina Peng, na ni kweli. Lakini lililonizuia zaidi lilikuwa dogo kuliko hilo. Niliogopa kisu. Mimi, ambaye nimeweka visu mikononi mwa nusu ya wanawake wa kaunti hii, ambaye hujaribu makali kwa unywele wa mkono wangu mbele ya wateja, kila nilipofikiria kisu kinakuja jichoni nililifunika jicho kwa kiganja. Nilikuwa nikiamka nimeshikilia ukingo wa kitanda. Kubisha kulikuwa rahisi kuliko kusema naogopa. Na ningeendelea kubisha mpaka soko lote liishe meno ya visu.

Haikuuma. Nilisikia maji, nikaona mwanga, basi. Siku walipofungua bendeji niliona ukuta wa nyumba ni mweupe, miaka yote nilidhani Su-chin ameupaka njano. Nikamwona Su-chin mwenyewe ana mvi. Nikamwambia. Hakufurahi.

Nilipoenda tanurini, nililiona lile giza la motoni halipo. Nikafua kisu kimoja tu cha mboga. Damu ya jogoo ilipotokea iliwahi kuliko nilivyozoea, nikaogopa, nikazamisha. Yung-hsing alisema kizuri, tukiuze. Nikakibana kwenye jiliwa nikakivunja mbele yake, nikafumba macho nikapapasa. Laini, Kui-moi. Kaure. Nikaanza upya siku hiyo hiyo, na sasa nazunguka sokoni nikichukua vile vya mwaka jana na kuacha vipya, kimoja baada ya kingine. Mama Fan alikuwa wa kwanza, na alinilipa kwa matusi.

Baada ya mwezi ni zamu ya jicho la kushoto. Watu wanadhani kwa kuwa nimeshajua haiumi siogopi tena. Naogopa vile vile. Yun-chieh atakuwa na mitihani, na Yung-hsing akiona damu anaanguka. Njoo wewe. Chukua treni ya asubuhi, mimi nitakungoja stesheni. Watu tutawaambia umekuja kwa ajili ya machenza. Pale kitandani ukae upande wa mkono wangu wa kulia, usiseme chochote, unipe tu mkono mpaka waseme tayari. Hayo mengine ya maneno nitayafanya mimi.

Wasalimie wote walio chini ya paa lako, na kwenye kaburi la shemeji weka sigara moja kutoka kwangu. Goti lipake tangawizi. Na ukiona katika barua hii nimetia chumvi, muulize Mama Fan, alikuwa karibu na moto kuliko wote isipokuwa mimi, na nyusi zake zilizoungua siku ile hazijaota bado. Muulize Profesa Tseng, yeye hawezi kusema uongo hata kwa adabu. Na kama hao hawatoshi, nenda chuo kikuu ukajionee feleji yangu. Yun-chieh ameitundika ukutani maabara, imepinda vile vile, chini yake ameandika jina langu, na wanafunzi wanapita wanaisoma.

Ni mimi kaka yako,
Peng Tien-fu
Mhunzi